Tukujo si Nchi ya Vitambaa: Namna ya Kufuatilia Asili ya Jina la Mahali katika Kiesperanto

Jina la mahali katika Kiesperanto huwa na historia mbili, na anayeshindwa kuzitenganisha hupotea mapema. Historia ya kwanza ni ya kisarufi: jina limeundwaje ndani ya Kiesperanto chenyewe, kwa mzizi upi na viambishi vipi. Ya pili ni historia ya safari: mzizi huo ulichukuliwa katika lugha gani, na lugha hiyo nayo iliupata wapi. L. L. Zamenhof alikitangaza Kiesperanto, lugha aliyoibuni mwenyewe, mjini Warsaw mwaka 1887, wakati miji mingi mikubwa ya dunia ilikuwa imekwisha kuwa na majina kwa karne nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya majina utakayokutana nayo ni ya kuazimwa. Machache, hata hivyo, yamezaliwa humo humo, na kazi yote ni kujua lipi ni lipi.

Mwongozo huu unamlenga msomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani ambaye anakijua Kiswahili na lugha ya nyumbani kwao. Msomaji huyo ana faida ambayo Mzungu anayeanza kazi hii hana, na faida hiyo itaonekana tutakapofika kwenye majina ya nchi.

Kuanza na herufi na viishio

Kabla ya kutafuta maana yoyote, lirudishe jina kwenye sauti zake. Alfabeti ya Kiesperanto ina herufi 28, kila herufi ikiwa na sauti yake moja, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili, kwa hiyo kusoma si kazi ngumu kwetu. Kinachowaponza wengi ni herufi j, ambayo husomwa kama y yetu, ilhali sauti ya j yetu huandikwa ĝ. Ndiyo sababu Kenya huitwa Kenjo na mlima wetu mkubwa huandikwa Kilimanĝaro. Herufi c husomwa ts, hivyo Botswana hugeuka Bocvano. Ĉ ni ch, ŝ ni sh, na ĥ ni kh. Herufi w haimo kabisa, na mahali pake mara nyingi huwekwa v, kama katika Malavio na Zimbabvo, au u, kama katika Ruando. Alama zilizo juu ya herufi si mapambo: ukiziacha, unatafuta neno jingine. Simu isiyo na herufi hizo haikuzuii, kwa maana wenye lugha wamezoea kuandika x baada ya herufi inayostahili alama, na ukiandika Kilimangxaro kila Mwesperanto atakuelewa.

Baada ya sauti, ondoa viishio. Nomino zote huishia -o. Ikiongezwa -n mwishoni, neno ni yambwa au linaonyesha uelekeo wa safari, kwa hiyo Londonon ni London ile ile, mtu akiwa njiani kwenda huko. Kivumishi huishia -a na huandikwa kwa herufi ndogo, jambo linalozaa kichekesho kidogo kwa msomaji wa hapa nchini: neno tanzania katika maandishi ya Kiesperanto si jina la nchi lililoandikwa kizembe, bali ni kivumishi, kama katika tanzania kafo, yaani kahawa ya Tanzania. Jina la nchi yenyewe ni Tanzanio.

Mtafute mkazi

Hatua yenye faida kuliko zote ni kuuliza mkazi wa mahali hapo anaitwaje katika Kiesperanto. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapotangulia. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba kuna nchi zinazopata jina kutokana na watu, na kuna watu wanaopata jina kutokana na nchi. Mhehe yuko kwanza, ndipo kuna Uhehe. Vivyo hivyo Ubena, Usafwa, Usangu, Ukinga na Unyakyusa, na kwa njia hiyo hiyo tukasema Ujerumani, Ufaransa na Ureno. Lakini hakuna mtu anayesema Utanzania kwa maana ya nchi. Tanzania ipo kwanza, na Mtanzania ametokana nayo.

Kiesperanto kina mgawanyo huo huo. Katika kundi la kwanza, mzizi ni mtu: germano ni Mjerumani, anglo ni Mwingereza, na nchi zao ni Germanujo na Anglujo. Kiambishi -uj- kina historia ya kuvutia. Katika Fundamento, kitabu cha msingi wa lugha kilichochapishwa mwaka 1905, kiambishi hicho kimefafanuliwa kuwa ni kile chenye kubeba au kujazwa na kitu, na mifano yake imewekwa pamoja bila wasiwasi wowote: pomujo, mti wa matofaa, cigarujo, kikasha cha sigara, na Turkujo, nchi ya Waturuki. Kwa hiyo Germanujo, ukilipasua, ni kinachowabeba Wajerumani. Waandishi wengi wa karne ya 20 hawakupendezwa na nchi kuwekwa kundi moja na kikasha cha sigara, wakaeneza kiambishi -i- badala yake, na leo utakuta Germanio na Germanujo vikitumika kwa nchi moja. Zamenhof mwenyewe alitumia -ujo, na umbo hilo ndilo lililomo katika Fundamento. Ukikuta -io katika andiko linalodaiwa kuwa la miaka ya mwanzo kabisa, lichunguze mara mbili.

Katika kundi la pili, mzizi ni nchi, na mkazi hupatikana kwa kuongeza -an-: Kanado ni Kanada na kanadano ni Mkanada. Miji yote imo katika kundi hili, ndiyo maana mtu wa Paris ni parizano.

Sasa tazama Tanzanio na Somalio. Kwa macho yote mawili yanaishia -io, na mtu mwenye haraka atasema yameundwa kwa njia moja. Uliza mkazi: Msomali ni somalo, kwa hiyo Somalio ni somal- pamoja na kiambishi -i-, na unaweza kusema pia Somalujo. Mtanzania ni tanzaniano, si "tanzano", kwa hiyo herufi i ni sehemu ya mzizi wenyewe, wala huwezi kuunda "Tanzanujo". Mtego wa namna hiyo hiyo umo katika majina yenye -land-. Mskoti ni skoto, basi Skotlando ni neno lenye vipande viwili, Mskoti na nchi; lakini Mwairishi ni irlandano, na kwa hiyo Irlando ni kipande kimoja kilichoazimwa kizima.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ugando. Mtu wa ufalme wa Waganda huiita nchi yake Buganda, nao waliosema Uganda walikuwa Waswahili wa pwani, kwa kutumia U- ile ile ya Uhehe na Ubena. Waingereza waliichukua kutoka vinywani mwa Waswahili, nacho Kiesperanto kikaipokea kupitia Ulaya na kuigandisha ndani ya mzizi: raia wa nchi hiyo ni ugandano. Kisarufi, u hiyo haina maana yoyote katika Kiesperanto. Kihistoria, ni kiambishi cha Kiswahili kilichosafiri hadi huko na kubaki kama kilivyo. Anayeishia kwenye kamusi ya Kiesperanto hatakiona kamwe.

Upasuaji unaokubali na bado ni wa uongo

Miji midogo kwa kawaida haina jina la Kiesperanto lililokubalika, na waandishi makini huacha Mbeya, Iringa na Tukuyu katika tahajia yake. Lakini tuseme mtu ameamua kuyageuza kwa kanuni za sauti nilizotaja, akabadili y kuwa j na kiishio kuwa -o. Tukuyu itakuwa Tukujo. Iringa itakuwa Iringo. Mbeya itakuwa Mbejo. Kisha mpe karatasi hiyo Mwesperanto wa mbali asiyejua Tanzania iko wapi, umwombe akueleze asili ya majina hayo.

Atakueleza, tena kwa ufasaha. Neno tuko katika Kiesperanto ni kitambaa, na -uj- tumekwisha kuijua. Basi Tukujo ni kikasha cha vitambaa, au kwa kufuata mfano wa Turkujo, nchi ya vitambaa. Iri ni kwenda, na -ing- ni kiambishi cha kitu kinachoshikilia kingine, kama kandelingo, kinara cha mshumaa. Basi Iringo ni kishikio cha mwendo. Mbejo inamalizikia kwa -ejo, kiambishi cha mahali, kama lernejo, shule, na kuirejo, jiko. Hapa tu ndipo atakapokwama kidogo, kwa sababu mb- si mzizi wa Kiesperanto. Mawili kati ya matatu yanapasuka vizuri bila kubaki hata herufi moja, na yote matatu ni uongo mtupu.

Mfano huo nimeutunga kwa makusudi, lakini majina halisi hupasuliwa hivyo kila siku, na dawa yake ni maswali matatu yanayoulizwa kwa mpangilio. Je, jina lilikuwepo kabla ya 1887, au lipo katika lugha ya wenyeji wasiokijua Kiesperanto? Kama jibu ni ndiyo, viambishi vya Kiesperanto haviwezi kuwa asili yake, hata vikikubaliana na jina kiasi gani. Je, mkazi wake ni nani? Mtu wa Tukujo angekuwa tukujano, umbo linaloonyesha kwamba -uj- imo ndani ya mzizi. Swali la mwisho, na lililo dhaifu kuliko yote, ni kama maana inayopatikana inaingia akilini. Watu wengi huanza na hilo la mwisho, ndiyo maana vijiwe havikosi hadithi za majina.

Asili ya kweli itafutwe mahali penyewe. Iringa inaelezwa kutokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome au boma, na maelezo hayo yanakubaliana na historia ya nchi ambayo Mkwawa aliilinda kwa kuta hadi Wajerumani walipoibomoa ngome yake ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mbeya mara nyingi huelezwa kwa neno la Kisafwa ibeya, chumvi, kwa sababu ya wafanyabiashara waliofika kubadilishana mazao kwa chumvi. Tukuyu inahitaji tahadhari ya aina nyingine: katika ramani za Wajerumani mji huo umeandikwa Neu-Langenburg, jina lililohamishwa kutoka kituo chao cha awali cha Langenburg kwenye Ziwa Nyasa, na anayetafuta "Tukuyu" peke yake katika nyaraka za wakati huo hukosa nusu ya alichokitafuta.

Ukimwendea mzee kumuuliza jina, baada ya shikamoo usianze kwa kumwambia jibu. Swali la "Je, ni kweli Iringa maana yake ngome?" huzaa "ndiyo" ya adabu. Muulize aliambiwa nini na waliomtangulia, kisha nyamaza aeleze, na uliza pia kama liko jina la zamani zaidi la mahali hapo, kwa kuwa wazee hulitaja likiulizwa tu.

Jina lililozaliwa ndani ya lugha

Kuna majina ambayo upasuaji wa viambishi ndiyo asili yenyewe, na bora kati yake ni Amikejo. Mwaka 1816 Prussia na Uholanzi, zikigombea machimbo ya zinki, zilishindwa kukubaliana juu ya mpaka na kuacha kipande cha ardhi kisicho cha upande wowote, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3.5, kilichoitwa Moresnet. Mwaka 1908 baadhi ya wakazi, wakiongozwa na tabibu Wilhelm Molly, walitaka kukifanya dola la Waesperanto na kukiita Amikejo. Amik- ni rafiki, -ej- ni mahali pa, kwa hiyo jina ni mahali pa marafiki. Vita vya Kwanza vya Dunia viliizima ndoto hiyo. Mwaka 1920 eneo likawa la Ubelgiji, na leo linaitwa Kelmis.

Angalia maswali matatu yanavyojibiwa hapa. Jina halikuwepo kabla ya 1887, halimo katika Kijerumani wala Kifaransa cha wenyeji, na tunawajua walioliunda na sababu yao. Kinachobaki ni safari ya mzizi: amik- inatokana na Kilatini amicus, iliyozaa pia amico ya Kiitaliano na amigo ya Kihispania. Hata katika jina lililozaliwa ndani ya Kiesperanto, basi, historia ya pili ipo; ni fupi tu.

Kati ya hayo mawili wako machotara. Novjorko limetafsiriwa nusu: nov- ni -pya, na Jorko ni York, kwa kuwa mji uliokuwa New Amsterdam ulipewa jina la Duke wa York mwaka 1664. Kaburbo, yaani Cape Town, limetafsiriwa lote, rasi na mji.

Kumkamata mkopeshaji

Ukishajua kwamba jina limeazimwa, linganisha umbo lake na maumbo ya lugha kadhaa, na utazame hasa herufi ambazo lugha hizo zinatofautiana. Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 katika mji unaoitwa kwa Kiesperanto Bjalistoko, wakati huo ukiwa chini ya milki ya Urusi. Warusi waliuita Belostok. Wapolandi huuita Białystok. Kama Kiesperanto kingeazima kwa Warusi, tungekuwa na Belostoko. Irabu za Bjali- zinatuonyesha Kipolandi, na ndani ya Kipolandi biały ni -eupe na stok ni mteremko, nao mto Biała unapita mjini humo.

Usidhani, kwa mfano huo, kwamba jina la wenyeji hushinda daima. Warszawa ya Kipolandi, Warschau ya Kijerumani na Varshava ya Kirusi zote zina sauti ya sh, ilhali Kiesperanto kinasema Varsovio. Sauti ya s na mwisho wa -vio vinatupeleka kwa Varsovia ya Kilatini na Varsovie ya Kifaransa, ingawa lugha ilizaliwa katika mji huo huo. Vivyo hivyo Wajerumani huiita nchi yao Deutschland, lakini germano imefuata njia ya Kilatini, Kiingereza na Kirusi.

Usono, jina la Marekani, ni fundisho zuri kwa sababu maelezo yake ya kawaida husema kwamba ni ufupisho. Ni kweli, lakini ufupisho wa lugha gani? Kwa Kiesperanto Majimbo ya Muungano ni Unuiĝintaj Ŝtatoj, yenye Ŝ, na neno "ya" ni de. Ufupisho wa Kiesperanto ungekuwa na ŝ na d. Usono ina s na o, herufi zinazopatikana katika United States of North America. Mwandishi James Duff Law alikuwa akipendekeza jina la aina hiyo kwa Kiingereza mwaka 1903. Herufi mbili tu zimetosha kumwonyesha mkopeshaji.

Tanzanio, kwa kulinganisha, haina fumbo katika hatua ya kwanza, bali ina ngazi nyingi chini yake. Jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, miezi kadhaa baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, na kabla ya hapo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Tanganyika kama jina la nchi ni la Waingereza, kuanzia mwaka 1920, nalo lilitokana na ziwa, ambalo kwa Kiesperanto ni Tanganjiko. Zanzibar ni jina la wafanyabiashara wa Kiajemi na Kiarabu, linaloelezwa kuwa pwani ya watu weusi, huku wenyeji wakikiita kisiwa Unguja. Ngazi hizi zina matumizi: andiko la Kiesperanto lenye Tanzanio haliwezi kuwa la mwaka 1958, hata likiwa na tarehe hiyo juu yake.

Vyanzo, na namna ya kuandika ulichopata

Kamusi kubwa inayojulikana kwa kifupi PIV, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1970, inasomeka bure mtandaoni na ndiyo mahali pa kuthibitisha umbo la jina na la mkazi wake. Usitegemee ikuambie asili ya kihistoria. Akademia ya Kiesperanto imetoa mapendekezo yake ya majina ya nchi. Kwa mizizi ya kawaida kama amik- ipo kamusi ya asili ya maneno ya Ebbe Vilborg, yenye majuzuu 5. Mkusanyo wa matini uitwao Tekstaro utakuonyesha jina likitumika katika sentensi na katika mwaka fulani, na ushahidi huo una uzito kuliko maelezo ya mtu yeyote. Kichwa cha makala ya Wikipedia ya Kiesperanto kipokee kwa tahadhari, hasa kwa miji midogo ya Afrika, kwa sababu huenda umbo hilo limebuniwa na mwandishi wa makala siku alipoiandika.

Unapoandika, tenga kilichothibitika na kinachosimuliwa. Kwa Bjalistoko andika mzizi, mkazi, lugha iliyokopesha na herufi zilizokuonyesha hivyo. Kwa Mbeya andika kwamba ibeya ni maelezo yanayotolewa, mtaje aliyekueleza kwa lugha na eneo lake iwapo hapendi jina lake litajwe, na kama umepata maelezo mawili yanayopingana, yaweke yote mawili bila kuyapatanisha. Na ikiwa utayatumia majina ya huku kwetu katika maandishi yako ya Kiesperanto, yaandike kwanza katika tahajia yake, Iringa, Tukuyu, Mbeya, ukitanguliza neno urbo, yaani mji, kwa ajili ya msomaji asiyeyafahamu. Ukilazimika kuweka umbo lenye -o, liweke baada ya hapo, jina la asili likiwa tayari limekwisha kuonekana, ili asitokee mtu wa kufungua kikasha cha vitambaa.